Tunalipa peaji, lakini kilalo hakina daktari

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, wakaaji wa Aru na Ariwara, nanyi mliokimbia vijiji vyenu vya Djugu na Mahagi na sasa mnaishi kwenye jamaa za watu au chini ya mahema, leo sisomi habari. Leo natoa maoni, na yeyote atakayechukizwa anaweza kuja redioni kunijibu, mlango uko wazi.

Hapa kwetu Ituri, habari ya kilalo kibovu hutufikia kwa namna moja tu: lori limetumbukia. Mtu anapiga simu, tunauliza kama kuna waliokufa, tunauliza lori lilibeba nini, kisha tunamtafuta kiongozi. Kiongozi anasema amesikitika, na kwamba ripoti imeshatumwa Bunia. Kesho yake bei ya chumvi inapanda sokoni, na keshokutwa wenye pikipiki wanaanza kuvusha watu kwa mtumbwi au kwa gogo, kwa bei wanayoitaka wao. Baada ya mwezi tunasahau, mpaka kilalo kingine.

Mimi nasema huo si mkosi, wala si mapenzi ya Mungu. Kilalo hakifi ghafla kama mtu aliyepigwa na radi. Kinaugua kwanza, tena muda mrefu, na ugonjwa wake unaweza kupimwa. Tunalipa peaji kwenye vizuizi, tunalipa kodi ndani ya kila lita ya mafuta, lakini kilalo chenyewe hakina daktari, hakina kadi, wala hakina mtu mwenye ruhusa ya kusema: leo hapapitwi.

Tuanze na mfano ulio karibu nasi, Karuma. Mtu wa Aru anaijua Karuma hata kama hajafika. Sabuni, sukari, mabati, saruji, vipuri vya pikipiki na dawa za duka la dawa, sehemu kubwa ya vitu hivyo inatoka Kampala, inavuka Nile pale Karuma, inavuka tena Pakwach, inapanda Arua, ndipo inaingia kwetu. Daraja la Karuma lilijengwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi lilibeba malori ya Arua, ya Kongo na ya Sudan Kusini bila kupumzika. Mwaka 2024 wahandisi wa Uganda walilipima, wakakuta limechoka. Kwanza serikali ilikataza magari mazito. Kisha tarehe 23 Septemba 2024 ikalifunga kwa matengenezo ya miezi mitatu. Magari madogo yakazungushwa Masindi na Paraa hadi Pakwach, malori makubwa yakapelekwa mbali, Mbale, Soroti na Lira, kabla ya kurudi huku.

Watu walinung'unika, na walikuwa na haki, maana mzunguko wa namna hiyo unalipwa na mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho ni mama anayenunua kipande cha sabuni Ariwara. Lakini nisikilizeni. Karuma lilifungwa likiwa limesimama. Wafanyabiashara walipewa tarehe na njia ya kuzunguka, na waliotaka kuweka akiba waliweka. Hakuna basi lililozama ndani ya Nile pamoja na abiria wake. Hiyo ndiyo tofauti ya serikali iliyopima na serikali inayosubiri. Kufungwa kwa daraja kulituumiza mfukoni, kuanguka kwake kungetuumiza makaburini na mfukoni vilevile.

Sasa, daraja linapimwaje? Wataalamu wana macho yao na nyundo zao, lakini siku hizi wana pia vihisi, wale waliosoma kwa Kifaransa wanaviita capteurs. Ni vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye daraja na kulala hapo usiku na mchana, vikiandika kila kinachotokea. Viko vya namna nyingi. Kimoja kinagundishwa kwenye chuma kama plasta kwenye kidonda. Chuma kikivutika, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, umeme unaopita ndani ya kifaa hicho unabadilika, na namba inaandikwa. Kingine kinapima mtetemo. Kila kilalo kina mlio wake, kama ngoma. Ngoma ikilegea ngozi, mpigaji anajua kabla ya wachezaji, na kilalo kikilegea kiungo au kikipasuka ndani, mtetemo wake unapungua kasi, na kifaa kinajua kabla ya dereva. Kingine kinapima kuinama kwa nguzo. Nguzo ikilala kidogo kuelekea mtoni, kifaa kinatuma ujumbe kwenye simu ya mhandisi.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Akina mama wanalielewa hili kuliko wahandisi. Unapompeleka mtoto kituo cha afya, muuguzi anampima uzito na kuandika kwenye kadi. Kilo za mwezi mmoja hazimwambii mengi. Anaangalia mstari: mwezi uliopita, mwezi huu, mwezi ujao. Mstari ukianza kushuka, anauliza maswali kabla mtoto hajakonda. Kihisi cha daraja kinafanya kazi hiyohiyo. Kinahitaji kipimo cha kwanza, kilalo kikiwa kizima, ndipo tujue kilipoanza kuugua.

Kuna ugonjwa mmoja ambao bila kupima hauonekani kabisa, nao ndio unaoua vilalo vingi duniani: maji kuchimba chini ya nguzo. Mto ukifurika, maji yanazunguka mguu wa nguzo kwa nguvu, yanaondoa mchanga na mawe, yanaacha shimo. Mafuriko yakipungua, tope linarudi na kulijaza shimo lile. Kiangazi kinafika, Desemba au Januari, mgeni anatoka mjini na viatu vyake safi, anasimama juu ya kilalo, anatazama chini, anaona mchanga umelala vizuri, anaandika: hali ni nzuri. Lakini tope lile ni laini, halishiki kitu. Mvua ya mwaka unaofuata ikija, nguzo inasimama juu ya uji. Ndiyo sababu ukaguzi wa kiangazi peke yake ni sawa na kumpima mtu homa baada ya kumpa dawa. Kilalo kinatakiwa kupimwa mto ukiwa umejaa, saa ile ambayo hakuna ofisa anayetaka kulowana. Kifaa hakiogopi kulowana.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya Wazungu, yanagharimu mamilioni ya dola. Vipo vya mamilioni, ni kweli. Lakini mwaka 2022 watafiti waliofanya kazi na chuo cha MIT cha Marekani walionyesha jambo ambalo wenye pikipiki wetu wangelipenda. Walitumia simu za kawaida za mkononi ndani ya magari yanayopita juu ya daraja la Golden Gate, kule San Francisco. Ndani ya simu za kisasa kuna kihisi kidogo cha mtetemo, kilekile kinachogeuza picha ukiilaza simu. Walikusanya safari nyingi, wakazichanganya, na kutokana nazo wakapata mlio wa daraja lile. Sisemi simu zetu ziwe wahandisi kuanzia kesho. Nasema tu kwamba neno "ghali" lisitumiwe kama pazia.

Hata hivyo, ndugu zangu, sitaki mtu aondoke hapa akidhani dawa ni kununua vifaa tu. Siku shirika fulani litakapofika na masanduku yenye antena, na kupiga picha, na kukata utepe, nitakuwa wa kwanza kuuliza: nani atazisoma namba? Maana kifaa kisicho na msikilizaji ni sawa na mtu anayelia porini.

Tazameni Minneapolis, Marekani, nchi tajiri. Tarehe 1 Agosti 2007, saa watu wakitoka kazini, daraja kubwa la barabara kuu lilianguka ndani ya mto Mississippi. Watu 13 walikufa, 145 walijeruhiwa. Uchunguzi uligundua kwamba vibamba vya chuma vilivyounganisha nguzo vilikuwa vyembamba kupita kiasi tangu daraja lilipochorwa. Na siku ile vifaa vizito vya matengenezo vilikuwa vimerundikwa juu yake. Lakini linaloniuma mimi ni hili: kulikuwa na picha za mwaka 2003 zinazoonyesha vibamba hivyo vimepinda. Miaka 4 kabla! Daraja lilisema, picha zikapigwa, zikawekwa. Daraja jipya lililofunguliwa Septemba 2008 lilifungwa vihisi zaidi ya 300. Vizuri. Ila hata picha moja ingetosha kama ingepata mtu mmoja wa kuuliza kwa nini chuma kimepinda na kuzuia magari mpaka ajibiwe.

Na karibu zaidi, Kenya. Juni 2017 daraja la Sigiri, kule Budalangi juu ya mto Nzoia, lilianguka kabla ya kumalizika, muda mfupi baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulitembelea na kulikagua. Rais alisimama pale, kamera zikasimama pale, na chuma hakikujali. Ziara ya mkubwa haipimi daraja. Sisi pia tunapenda ziara. Mkubwa akifika, barabara inafagiliwa, watoto wanapanga mstari, hotuba inatolewa. Mtu mwenye fimbo ya kupima hayupo kwenye msafara.

Sasa turudi nyumbani tuulize: kilalo cha kwetu ni cha nani? Ukienda Office des Routes watakuambia gari halina mafuta na pesa hazijashuka. Ukiuliza kuhusu FONER, ule mfuko wa matengenezo ya barabara ulioanzishwa mwaka 2008, ambao unalishwa na kodi ya mafuta na peaji, utaambiwa mambo hayo yanaamuliwa Kinshasa. Jimbo litasema barabara hii ni ya taifa. Sultani atasema yeye ana salongo tu, vijana wa kukata majani. Kantonye mwenye koleo lake, ambaye anakijua kilalo kile msumari kwa msumari, hana karatasi, hana cheo, na hakuna anayempigia simu. Mpira unapigwa kutoka mguu hadi mguu, na goli linafungwa kwetu sisi.

Wafadhili nao nina neno nao. Mashirika yanatengeneza vilalo, na tunawashukuru, kwa sababu bila wao sehemu nyingine tungekuwa tunavuka kwa kuogelea. Lakini someni vibao wanavyoacha. Nembo zimejaa, jina la mradi lipo, mwaka upo. Je, tani zimeandikwa? Je, kuna namba ya simu ya kupiga ukiona ubao umeoza au pini imetoka? Vilalo vyetu vingi vya chuma ni vya aina ya Bailey, vile vya vipande vinavyofungwa kwa pini, vilivyobuniwa na Mwingereza wakati wa vita vya pili vya dunia ili wanajeshi wavijenge haraka. Kila kipande kina urefu wa mita 3 hivi na watu 6 wanaweza kukibeba. Ni kazi nzuri ya ufundi. Lakini pini ikitoka na isirudishwe, au mwizi akiiuza kama chuma chakavu, uzito unahamia kwenye pini nyingine ambazo hazikupangiwa kubeba zote. Na malori mazito kuliko yote yanayopita huko mara nyingi ni yaleyale ya mashirika, yakipeleka unga na mafuta ya kupikia. Anayepitisha tani nyingi achangie kupima kinachozibeba.

Najua majibu yatakayokuja, na nitayajibu moja kwa moja.

Watasema: Kongo haiwezi. Basi waende Matadi. Daraja lile juu ya mto Kongo, lenye mita 520 katikati ya nguzo zake kubwa, lilijengwa na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1983. Zaire ilianguka, vita vikaja, wageni wakaondoka na kurudi, serikali zikabadilika. Daraja liko pale mpaka leo, kwa sababu wahandisi Wakongomani wa OEBK walipewa kazi moja, wakafundishwa, wakalikagua na kulipaka rangi mwaka baada ya mwaka. Kongo inaweza, pale ambapo jambo lina mwenyewe.

Watasema: kwetu ni vita, vifaa vitaibwa, na wenye silaha wataviona kama vya upelelezi. Hili si jibu la kupuuza. Sola itaibwa, naamini. Na kisanduku chenye antena juu ya kilalo, katika nchi ambayo watu wameuawa kwa kushukiwa tu, kinaweza kuleta balaa kwa kijiji kizima. Ndiyo maana hakiwezi kufungwa usiku na mgeni. Sultani ajue, vijana wajue, kanisa na msikiti vijue, na sisi redioni tueleze kwa Lugbara, kwa Kakwa, kwa Lingala na kwa Kiswahili kinapima nini na hakipimi nini. Na mahali ambapo kifaa hakiwezi kukaa, rangi inaweza kukaa. Nyie akina mama mnaujua ule utepe unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto kupima utapiamlo: kijani, manjano, nyekundu. Pakeni rangi hizohizo kwenye nguzo ya kilalo. Maji yakifika manjano, lori lililojaa lisimame. Yakifika nyekundu, hata pikipiki isipite. Hakuna mwizi wa rangi.

Watasema: ukifunga kilalo, wakimbizi wa ndani watakufa njaa. Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu hawa wanaosema hivyo hawawakumbuki wakimbizi siku nyingine. Nani huvuka kilalo kibovu mara nyingi? Ni yule asiye na njia ya pili. Mwenye gari zuri atasubiri au atazunguka. Familia inayokimbia risasi usiku, na godoro kichwani na mtoto mgongoni, haitasoma kibao wala kusubiri mhandisi, itapita. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa pikipiki atapita. Wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Biringi na wakimbizi wetu wenyewe wanakula kile ambacho lori limefaulu kuvusha. Kilalo kikifungwa kwa tangazo la wiki mbili, chakula kinaweza kuvushwa mapema na mtumbwi ukapangwa. Kikianguka bila tangazo, chakula kinabaki ng'ambo na watu wanabaki huku. Njaa inaletwa na kushtukizwa.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja bajeti ya miaka kumi.

Kwanza, orodha. Kila kilalo cha tarafa ya Aru kinachobeba lori kiandikwe, kipewe namba, kipimwe mara ya kwanza, na kadi yake iwe wazi kwa raia.

Pili, tani. Kibao chenye uzito unaoruhusiwa kisimame pande zote mbili, na kizuizi cha peaji kilichopo kitumike pia kurudisha lori lililozidisha. Kama kizuizi kinaweza kuchukua pesa, kinaweza kuzuia mzigo.

Tatu, mlinzi mwenye jina. Kantonye mmoja kwa kila kilalo kikubwa, alipwe kutoka pesa za peaji, apewe simu, fimbo ya kupima na daftari. Apime mvua ikinyesha, si kiangazi tu.

Nne, vihisi pale panapostahili. Si kila gogo juu ya kijito. Vile vilalo vichache ambavyo vikianguka tarafa nzima inakatika, hivyo vifungwe vifaa vya kupima kuinama kwa nguzo na kina cha maji, vyenye kutuma ujumbe kwa simu.

Tano, na hili ndilo kubwa, mtu wa kufunga. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Amri zinatoka haraka linapokuja jambo la usalama. Kilalo nacho ni usalama. Itolewe amri moja, iandikwe, kwamba namba fulani ikifikiwa, msimamizi wa tarafa anafunga kilalo saa hiyohiyo bila kuomba ruhusa ya mbali, na hakuna mfanyabiashara mwenye jamaa mkubwa atakayekifungua kwa simu.

Sisi wa redio tuko tayari kwa sehemu yetu. Tunatangaza vifo, tunatangaza bei za soko, tunatangaza watoto waliopotea. Tunaweza kutangaza pia namba za vilalo kila asubuhi, kijani, manjano, nyekundu, kabla malori hayajawasha injini. Hatuombi malipo. Tunaomba mtu wa kutupa namba za kweli.

Kwa wakubwa wa Aru na wa Bunia nasema: msije tena redioni kutuambia mmesikitika. Njooni na orodha. Na nyie madereva, wafanyabiashara, akina mama wa soko na mnaoishi kwenye mahema, mara nyingine mkilipa kwenye kizuizi na kupewa risiti, ulizeni swali moja, kwa heshima lakini kwa sauti: kilalo kilichoko mbele yangu kilipimwa lini, na nani alikipima?